Haidrojeni ya kijani safarini: mzigo si gesi, mzigo ni chombo

Kilo moja ya haidrojeni ina nishati ya kilowati-saa 33, zile zile "uniti" zinazosomwa kwenye mita ya umeme. Kilo moja ya dizeli ina takriban 12. Ukiishia hapo utadhani mjadala umekwisha. Tatizo ni kwamba kilo hiyo ya haidrojeni, isipobanwa, hujaza mita za ujazo 12 hivi: chumba chenye upana wa mita mbili, urefu wa mita mbili na nusu, kuanzia sakafuni hadi darini. Kilo ya dizeli inatosha kwenye chupa ya lita moja na kidogo.

Ndiyo maana anayetaka kuendesha lori, treni au jenereta ya kuhamishika kwa haidrojeni huanza na swali la chombo kabla ya swali la injini. Njia ziko nne: kuibana gesi, kuipoza hadi iwe kimiminika, kuifunga ndani ya metali, au kuiunganisha na kemikali nyingine inayobebeka kwa urahisi. Zote zinafanya kazi, na zote zina gharama yake. Tofauti ni mahali gharama inapojitokeza: kwenye uzito wa tangi, kwenye umeme wa kompresa, kwenye baridi, au kwenye joto la kuitoa gesi pale unapoihitaji.

Kabla ya chombo: gesi yenyewe imetokaje mtamboni?

Haidrojeni huitwa ya kijani inapotengenezwa kwa kupasua maji kwa umeme wa jua, upepo au maji. Kilo moja hula umeme wa kilowati-saa 50 hadi 55, lita 9 za maji safi kwa hesabu ya kemia (kiutendaji ni zaidi, kwa sababu maji lazima yachujwe kwanza), na huacha kilo 8 za oksijeni. Watu wengi hudhani "kijani" ni habari ya mazingira tu na haihusu uhifadhi. Inahusu, tena sana.

Gesi inapotoka kwenye mtambo wa elektrolisisi, yaani huo wa kupasua maji, huwa imelowa mvuke wa maji na ina oksijeni kidogo ndani yake. Oksijeni huondolewa kwa kupitisha gesi juu ya kichocheo, kwa kawaida paladiamu au platinamu, ambapo huungana na haidrojeni kidogo na kuwa maji. Kisha gesi hukaushwa. Seli za mafuta za magari (vifaa vinavyogeuza haidrojeni kuwa umeme) zinadai usafi wa asilimia 99.97 kwa kiwango cha ISO 14687, na baadhi ya uchafu una kikomo kikali kuliko asilimia hiyo inavyoonyesha: kaboni monoksidi isizidi sehemu 0.2 kwa milioni, maji yasizidi sehemu 5 kwa milioni.

Umeme wa jua hupanda na kushuka. Mtambo unapofanya kazi chini ya uwezo wake, haidrojeni inayozalishwa hupungua, lakini oksijeni inayopenya kutoka upande wa pili wa mtambo, inakozalishwa, haipungui kwa kiasi hicho. Matokeo yake, asilimia ya oksijeni ndani ya gesi hupanda. Mei 2019, mjini Gangneung, Korea Kusini, matangi ya haidrojeni ya mradi wa majaribio uliotumia umeme wa jua yalilipuka na kuua watu wawili. Uchunguzi ulikuta oksijeni ilikuwa imezidi asilimia 6 ndani ya tangi. Asilimia 6 inasikika kama kitu kidogo. Lakini haidrojeni iliyochanganyika na oksijeni tupu inaweza kulipuka hata ikiwa asilimia 94 ya mchanganyiko, kwa hiyo asilimia 6 ya oksijeni ndiyo mpaka wenyewe. Kipimo cha oksijeni kinachosoma muda wote, chenye amri ya kuzima mtambo, si kifaa cha kupunguziwa bajeti.

Kuibana

Mtungi wa kawaida wa chuma wa lita 50, uliojazwa kwa baa 200 (baa 1 ni karibu sawa na shinikizo la hewa inayotuzunguka), hubeba kilo 0.74 tu za haidrojeni. Mtungi wenyewe una uzito wa kilo 60 au zaidi. Yaani asilimia moja na kitu ya mzigo ndiyo mafuta, iliyobaki ni chuma.

Wazo la kwanza linalokuja ni kuongeza shinikizo, lakini haidrojeni haitii hesabu rahisi ya darasani. Ingeitii, baa 700 ingebana gramu 59 ndani ya lita moja. Kwa kweli ni gramu 40. Kwa baa 350 ni gramu 24. Molekuli zikishasongamana husukumana, na kila baa inayoongezwa huleta faida ndogo kuliko iliyotangulia. Ukipandisha shinikizo mara mbili kutoka 350 hadi 700, unapata ongezeko la theluthi mbili tu. Kwa sababu hiyo mabasi na malori mengi, yenye nafasi juu ya paa au nyuma ya kibanda cha dereva, yamebaki kwenye baa 350, wakati magari madogo yanalazimika kwenda 700. Treni ya Coradia iLint, iliyoanza kubeba abiria Ujerumani mwaka 2018, hubeba matangi ya baa 350 paani. Toyota Mirai ya kizazi cha pili ina matangi matatu ya baa 700 yanayobeba kilo 5.6 kwa jumla.

Matangi haya yamegawanywa kwa aina. Aina ya I ni chuma kitupu. Aina ya II ni chuma kilichofungwa mkanda wa nyuzi kiunoni. Aina ya III ina ganda la alumini lililozungushiwa nyuzi za kaboni lote. Aina ya IV, ndiyo ya Mirai, ina ganda la ndani la plastiki. Ganda hilo halibebi nguvu yoyote, kazi yake ni kama ya bitana kwenye koti: kuzuia gesi isipite. Nguvu yote iko kwenye nyuzi za kaboni zilizolowekwa gundi. Tangi la namna hiyo hufikisha mafuta hadi asilimia 6 ya uzito wake, na nyuzi za kaboni ndizo sehemu ghali kuliko zote.

Bitana hiyo ya plastiki ina tabia zake. Haidrojeni hupenya plastiki polepole na kujikusanya kati yake na nyuzi. Tangi likiwa limejaa, shinikizo la ndani huibana plastiki ukutani na hakuna shida. Likimwagwa haraka hadi karibu na sifuri, gesi iliyonaswa nyuma husukuma plastiki kuelekea ndani na kuikunja. Ndiyo maana watengenezaji huweka kiwango cha chini cha shinikizo ambacho tangi halitakiwi kushuka chini yake, na gari humwambia dereva tangi ni tupu wakati bado lina gesi. Oringi za raba, yaani pete za kuzuia mvujo kwenye viungo, nazo zina ugonjwa wa jamaa huyo: gesi iliyoingia ndani yake kwa shinikizo kubwa hutanuka ghafla shinikizo linapoondolewa, na raba huota malengelenge au kupasuka. Kumwaga polepole ni sehemu ya matengenezo.

Kwa upande wa chuma, adui ni haidrojeni kuingia ndani ya metali yenyewe. Kwenye uso wa chuma molekuli hugawanyika kuwa atomi, atomi hupenya, na hukusanyika pale penye ufa mdogo hadi chuma kinapoteza unyumbufu na kuvunjika bila kupinda kwanza. Cha kushangaza kwa fundi mgeni ni kwamba chuma kigumu na chenye nguvu zaidi ndicho kinachoathirika zaidi. Bolti ya daraja la juu inayosifiwa kwenye injini ya dizeli inaweza kuwa chaguo baya hapa. Kwa mabomba na viungo, chuma cha pua cha aina ya 316L chenye nikeli ya kutosha ndicho kimezoeleka. Kwa maganda ya ndani, alumini ya 6061.

Kujaza tangi ndani ya dakika tano

Gesi ikiingia haraka ndani ya tangi, ile iliyotangulia hubanwa na kupata joto. Tangi la nyuzi za kaboni halitakiwi kuzidi nyuzi joto 85, kwa sababu gundi na plastiki huharibika. Basi kituo cha kujazia hupoza gesi hadi kati ya nyuzi 33 na 40 chini ya sifuri kabla haijafika kwenye nozeli, mdomo wa bomba la kujazia. Bila baridi hiyo, kujaza kilo 5 kwa dakika tatu hadi tano hakuwezekani. Ungelazimika kujaza taratibu mno.

Mfululizo wenyewe uko hivi. Nozeli hujifunga kwenye gari. Kituo hutuma pumzi fupi ya gesi ili kusoma shinikizo lililomo na kuhakikisha hakuna mvujo. Gari hutuma joto na shinikizo la tangi kupitia taa ya infraredi iliyo pembeni ya nozeli. Kisha kituo huchagua mwendo wa kupandisha shinikizo kwa kuangalia joto la hewa ya nje na hali ya tangi, na husimama kikifika kwenye ujazo sahihi, yaani kiasi sahihi cha gesi ndani ya tangi. Angalia neno ujazo: tangi lililojaa kwa baa 700 kwenye nyuzi 15 litasoma baa 875 likiwa na nyuzi 85, na gesi ni ile ile. Anayejaza kwa kuangalia saa ya presha peke yake, gesi ikiwa ya moto, atashangaa saa moja baadaye sindano ikiwa imeshuka. Hakuna kilichovuja, gesi imepoa tu.

Hitilafu ya kawaida hapa ni ndogo na ya kuudhi: penye unyevu, nozeli baridi huganda kwenye gari na dereva hawezi kuichomoa kwa dakika kadhaa. Kuvuta kwa nguvu huharibu sili, na sili iliyoharibika ndiyo mvujo wa mteja anayefuata.

Moto ukizuka karibu na tangi, kuna vali inayofunguka kwa joto, takriban nyuzi 110, na kumwaga gesi yote nje kupitia bomba lililoelekezwa mahali salama. Tangi haliachwi lisubiri hadi lipasuke. Ubaya wa vali hiyo ni kwamba inahisi joto pale ilipo tu. Mwali mwembamba unaochoma ncha ya pili ya tangi refu unaweza kudhoofisha nyuzi kabla vali haijajua lolote, na ndiyo sababu matangi marefu huwekewa zaidi ya moja.

Kuipoza

Haidrojeni huwa kimiminika kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Lita moja hapo ina gramu 71, karibu mara mbili ya gesi ya baa 700, na tangi halihitaji kuta nene. Kwa lori la safari ndefu hilo linavutia: Septemba 2023 lori la Mercedes-Benz GenH2 lilitembea kilomita 1,047 kwa kujaza mara moja, likiwa na takriban kilo 80 za haidrojeni ya kimiminika. Kivuko cha MF Hydra cha Norway, kilichoanza kutumia mafuta hayo mwaka huo huo, kina tangi la mita za ujazo 80.

Gharama yake ni umeme: kilowati-saa 10 hadi 13 kwa kila kilo, karibu theluthi ya nishati iliyomo. Kuna na mtego wa kifizikia ambao wengi hawauoni. Molekuli za haidrojeni ziko za namna mbili, orto na para, kutegemea mzunguko wa viini vyake. Kwenye joto la kawaida robo tatu ni orto. Kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri karibu zote hutaka kuwa para, na zikibadilika hutoa joto. Joto hilo, kilojuli 527 kwa kilo, linazidi lile la kuichemsha haidrojeni yenyewe, kilojuli 446. Ukipoza haraka bila kuipitisha kwenye kichocheo cha kuibadilisha, utapata kimiminika kizuri kabisa ambacho kinajichemsha chenyewe ndani ya tangi lililofungwa vizuri.

Hata ikibadilishwa ipasavyo, joto la nje huingia kidogo kidogo kupita ombwe na matabaka ya vihami, na gesi lazima itolewe. BMW Hydrogen 7, gari la mwaka 2006 lenye tangi la kilo 8 hivi, lilianza kutoa gesi baada ya kuegeshwa saa 17, na nusu tangi iliisha kwa siku 9. Kwa hiyo kimiminika kinafaa chombo kikubwa kinachotembea kila siku, kama lori, kivuko au ndege. Jenereta ya dharura inayokaa miezi bila kuwashwa haikihitaji.

Ukikuta bomba la haidrojeni ya kimiminika lisilo na kihami, usisimame chini yake. Hewa hugeuka kimiminika juu yake na kudondoka, na matone hayo yana oksijeni nyingi kuliko hewa ya kawaida. Yakiangukia lami au kitambaa chenye grisi, yanatengeneza kitu kinachowaka kwa hasira.

Kuifunga ndani ya metali

Aloi (mchanganyiko wa metali) ya lanthanamu na nikeli hunyonya haidrojeni kama sifongo, kwa shinikizo la baa chache tu na joto la kawaida. Hakuna gesi ya baa 700 ya kuogopa. Ila uzito: haidrojeni ni asilimia 1.4 ya aloi, yaani kilo moja inataka kilo 70 na zaidi za metali, kabla ya kuhesabu chombo. Kwenye gari dogo hilo ni balaa. Kwenye foklifti, ambayo hata hivyo lazima iwe na uzito wa nyuma ili isipinduke, ni neema. Nyambizi za Ujerumani za aina ya 212A zinabeba haidrojeni kwa njia hii. Nyambizi nayo inahitaji uzito, na hakuna baharia anayetaka gesi ya shinikizo kubwa ndani ya bomba la chuma chini ya bahari.

Siri ya njia hii ni joto. Metali ikimeza kilo moja ya haidrojeni hutoa megajuli 15 hivi. Ukitaka kuijaza kwa dakika tano, lazima uondoe joto la kilowati 50 muda wote huo, vinginevyo metali hupata moto na kukataa kumeza. Wakati wa kuitoa gesi, joto hilo hilo lazima lirudishwe. Hapo seli ya mafuta husaidia, kwa sababu maji yake ya kupozea huwa na nyuzi 60 hadi 80. Magnesiamu hubeba zaidi sana, asilimia 7.6, lakini inataka karibu nyuzi 300 kuiachia gesi, joto ambalo seli ya kawaida haina. Na unga wa metali hizi huvimba na kumomonyoka kila unapojazwa. Ukipangwa vibaya hujilundika chini na kuupasua mtungi kwa kuvimba.

Kuiunganisha na kemikali

Amonia hubeba haidrojeni asilimia 17.6 ya uzito wake, na huwa kimiminika kwa baa 10 tu hivi. Lita moja ya amonia ina haidrojeni nyingi kuliko lita ya haidrojeni ya kimiminika. Kwa meli ina maana. Kwa gari lenye seli ya mafuta lazima kwanza uivunje kwa joto la nyuzi 500 au zaidi, kisha usafishe gesi hadi amonia isizidi sehemu 0.1 kwa milioni, na juu ya yote ni sumu kwa anayeivuta. Mafuta maalumu kama dibenzili-toluini hubeba asilimia 6.2 na humiminwa kama dizeli, lakini kuitoa gesi kunakula zaidi ya robo ya nishati yake kama joto la nyuzi 300, na mafuta yaliyotumika lazima yarudishwe kiwandani. Njia hizi ni za kusafirisha mzigo mkubwa masafa marefu; si za kuweka chini ya kiti.

Mfano: jenereta ya kilowati 20

Chukua kazi ya ujenzi inayohitaji kilowati 20 kwa saa 10, yaani uniti 200. Seli ya mafuta yenye ufanisi wa asilimia 50 hutoa uniti 16 au 17 kwa kilo. Unahitaji kilo 12.5. Kwa mitungi ya chuma ya baa 200 hiyo ni 17, na uongeze mmoja kwa ajili ya gesi inayobaki chini ya shinikizo la regyuleta (kifaa cha kupunguza shinikizo): mitungi 18, tani moja na ushee. Jenereta ya dizeli ingekunywa lita 60 hivi. Kwa matangi ya nyuzi za kaboni ya baa 350 unahitaji lita 520 za nafasi, na tela dogo linatosha. Ukirudi nyuma kuhesabu umeme: 52 za kuitengeneza kilo, tatu hivi za kuibana, 16 zinatoka. Ni asilimia 29. Betri ingerudisha zaidi ya 80, kwa hiyo pale ambapo betri inaweza kuchajiwa kila usiku, haidrojeni haina hoja. Hoja yake inaanza pale kazi inapoendelea siku nyingi mbali na gridi na tela jingine linaweza kuletwa.

Unapounganisha mitungi hiyo kwa mara ya kwanza, hewa lazima itoke kwenye mabomba. Pandisha naitrojeni hadi baa 5 kamili (yaani ukihesabu na shinikizo la hewa, saa ya presha isome 4), imwage hadi baa 1 (saa isome sifuri), rudia. Kila mzunguko hugawanya oksijeni kwa tano: 21, 4.2, 0.84, 0.17, 0.03, na mara ya tano asilimia 0.007. Ndipo ufungue haidrojeni, taratibu, huku ukipitisha povu la sabuni na kipima gesi kwenye kila kiungo. Usinuse, haina harufu, na harufu haiongezwi kwa sababu inadhuru seli. Usitegemee macho pia, kwani mwali wake mchana hauonekani vizuri. Kamera ya joto ndiyo jicho. Gesi hii huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na cheche ya milijuli 0.02 inatosha. Nje, hupaa na kutawanyika upesi. Ndani ya kontena lililofungwa hujikusanya chini ya paa, kwa hiyo kipima gesi na tundu la hewa huwekwa juu kabisa.

Na kila bolti ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kisha iwekwe alama na mtu wa pili aikague. Tarehe 10 Juni 2019, kituo cha kujazia cha Kjørbo, nje kidogo ya Oslo, kililipuka. Chanzo kilikuwa kizibo cha tangi la shinikizo kubwa ambacho bolti zake kadhaa hazikukazwa vya kutosha wakati wa kuunganishwa. Gesi ilivuja kidogo kupita sili ya ndani, shinikizo likajijenga chini ya kizibo, kizibo kikainuka. Wimbi la mlipuko lilifungua mifuko ya hewa ya gari lililokuwa likipita jirani.